Krismasi Ugenini: Walimu wa Injili wa Ugogo na Umbali Usiohesabiwa

Kuanzia yapata tarehe 18 Desemba ya kila mwaka, jiji la Dodoma huanza kujikung'uta watu. Mabasi ya Moshi na Arusha hutangulia kujaa katika stendi ya Nanenane, yakifuatiwa na ya Kanda ya Ziwa na ya Nyanda za Juu Kusini. Na tangu Julai 2024 treni ya SGR nayo huelekea Dar es Salaam ikiwa imebeba makatibu, wahasibu, madereva na wahadhiri pamoja na watoto wao. Jioni ya tarehe 24 mtu anaweza kuendesha gari kutoka Mji wa Serikali pale Mtumba hadi katikati ya jiji bila kukanyaga breki zaidi ya mara mbili. Mama mmoja anayeniuzia mboga katika soko la Majengo aliwahi kunieleza hali hiyo kwa maneno machache: "Serikali imekwenda kwao."

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, utekelezaji wake ukashika kasi mwaka 2016, na Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Hata hivyo kila Desemba hubainika kwamba "kwao" kwa watumishi hakukuhama pamoja na mafaili. Sisemi hivi kwa kejeli. Kwa miaka mingi nami nimekuwa miongoni mwa wanaogombea tiketi.

Mwaka jana nilibaki. Asubuhi ya sikukuu nilikwenda kusali katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, nikitarajia ibada ndefu yenye kwaya tatu na mahubiri ya saa nzima. Mchungaji alisimama, akatusalimu, akatangaza kwamba ibada ingekuwa fupi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Majembe yalikuwa yameegemezwa nje kwenye ukuta wa kanisa, na kabla ya saa nne waumini walikuwa wametawanyika mashambani, baadhi yao wakiwa bado na viatu vya kanisani mikononi. Nilirudi mjini nikiwa na swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza licha ya miaka yote ya kufundisha historia ya nchi hii: ni nani hasa, katika uwanda huu wa kati, aliyekula sikukuu mbali na kwao kwa ajili ya dini, na kutokuwapo kwake nyumbani kuligharimu nini?

Jibu la haraka tunalo vitabuni, nalo ni jibu la watu waliovuka bahari. Desemba 1871 Livingstone na Stanley walikuwa pamoja Ujiji. Stanley ameeleza jinsi alivyokusudia kuandaa chakula cha Krismasi cha heshima, na jinsi mpishi wake Ferajji alivyokiharibu chote jikoni. Siku mbili baadaye walifunga mizigo wakaelekea Unyanyembe. (Ferajji naye alikuwa mbali na kwao, lakini katika simulizi anabaki kuwa mtu aliyeunguza chakula.) Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, msafara wa kwanza wa chama cha CMS cha Uingereza uliokuwa ukienda Uganda ulipita Mpwapwa na kuacha mmisionari hapo. Kituo hicho kilisuasua, kikaanzishwa upya mwaka 1878, na ndicho kilichokuwa mlango wa Ukristo wa Kianglikana katika Ugogo.

Wageni hao walilipa gharama halisi. Dkt. Joseph Mullens, katibu wa mambo ya nje wa chama cha LMS cha London, aliondoka ofisini kwake kuja kuona kwa nini misafara ya watu wake ilikuwa ikikwama njiani. Alifariki Julai 1879 akielekea Mpwapwa, akazikwa Mpwapwa. Mke wa J. T. Last alizikwa Mamboya. Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa mhandisi, ndiye aliyesimamia mwaka 1877 kufyekwa kwa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilometa zipatazo 370. Alifika Zanzibar mwaka 1876, na hakurudi kwao hata mara moja mpaka alipofariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, Februari 1890. Wakubwa wake walimsihi arudi apumzike. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake bado alikuwa akiwaandikia kwamba huo haukuwa wakati wa mtu kuacha lindo lake. Krismasi 14. Sioni sababu ya kuidharau sadaka ya namna hiyo, na wanafunzi wangu wanaodhani kwamba kuandika historia ya kizalendo ni kuwanyima wageni machozi yao huwa nawarudishia kazi zao wakaziandike upya.

Lakini zingatieni jambo moja. Tunajua idadi ya Krismasi za Mackay kwa sababu kulikuwa na mtu London aliyekuwa akizihesabu. Kuwapo kwake ugenini kulikuwa na daftari. Mtu aliyevuka bahari alikuwa na likizo aliyostahili kuichukua au kuikataa, nauli ya meli iliyotengwa, barua zilizotunzwa, na ndugu waliosomewa habari zake kanisani. Kwa afya yake kulijengwa hata nyumba ya mapumziko juu ya mlima wa Kiboriani, kusini ya Kongwa na juu ya Mpwapwa, ambako hewa ni baridi na mbu ni wachache.

Kiboriani ina kisa chake. Vita vilipozuka Agosti 1914, wamisionari wa Kiingereza waliokuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, wa CMS na wa UMCA, waligeuka kuwa raia wa adui. Wajerumani waliwakusanya, na mahali pamojawapo walipowekwa kizuizini palikuwa ni hapo hapo Kiboriani: nyumba ya likizo ikawa kifungo. Baadaye wengi wao walipelekwa Tabora, wakakaa huko hadi jeshi la Wabelgiji lilipoingia mjini tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo sikukuu mbili, ya 1914 na ya 1915, ziliwakuta kizuizini. Ernest Spanton, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Kiungani kule Zanzibar, alikuwa miongoni mwao, na mwaka 1917 alichapisha kitabu kizima kuhusu miaka yake miwili ya kufungwa.

Waafrika waliofundisha katika shule za misheni hizo hizo nao walikamatwa. Walishukiwa upelelezi kwa kuwa walisoma, waliandika na walijulikana na Waingereza. Wapo waliochapwa, waliofungwa minyororo, na waliobebeshwa mizigo ya jeshi. Hakuna hata mmoja wao aliyepata mchapishaji mwaka 1917. Waliobahatika kurudi Ugogo walikuta nchi ambayo majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yameikomba nafaka, ng'ombe na vijana, kisha ukame ukamalizia. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, nayo ilidumu kuanzia 1917 hadi 1920. Kadirio la watawala wa Kiingereza wenyewe lilitaja vifo 30,000 katika watu 150,000.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Historia ya umisionari katika uwanda wa kati imezoea kupima umbali kwa bahari. Aliyetoka Uingereza au Australia alikuwa "mbali na nyumbani". Aliyetoka Mpwapwa akapelekwa siku nne kwa miguu alikuwa, kwa hesabu za ofisi, bado yuko kwao. Afrika yote ilichukuliwa kuwa nyumbani kwa Mwafrika. Hata ukisoma taarifa za wakati ule zilizoandikwa kwa wema, utakuta sentensi kama "mwalimu amewekwa katika kijiji fulani", na verbo hiyo ya "kuwekwa" imebeba mengi kuliko aliyeiandika alivyodhani. Kitu huwekwa. Mtu huaga.

Ili kuelewa gharama ya kuwekwa huko, lazima tuitazame kalenda. Ugogo hupata mvua ya msimu mmoja tu, kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Uwele na mtama hutegemea mvua za kwanza. Atakayechelewa kupanda kwa wiki mbili anaweza kuvuna mabua. Ukihesabu vizuri utaona kwamba Krismasi huangukia katikati kabisa ya wiki ambazo mkulima wa Kigogo hawezi kuzipoteza. Huko kaskazini sikukuu hiyo ilipokomazwa desturi zake, Desemba ni mwezi ambao ardhi imeganda na jembe limetundikwa. Watu hukaa ndani, hula walichovuna, huimba. Ilipoletwa huku ilikuja na tarehe yake lakini haikuweza kuja na baridi yake. Waaustralia waliokuja baadaye walikuwa angalau wamezoea kuila sikukuu jasho likiwatoka.

Biashara ya misafara, pamoja na ukatili wake wote, ililijua jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Ugogo katika karne ya 19 walipanga safari zao kwa kadiri walivyoweza ili wawe wamerudi kwao kabla ya msimu wa kulima. Mfanyabiashara aliyetaka watu wa kubeba pembe wakati wa mvua alipata shida kuwapata, na alilazimika kulipa zaidi. Mpagazi alikuwa na nguvu ya kusema: nakwenda kulima, tutaonana kiangazi. Mwalimu wa kanisa hakuwa na nguvu hiyo. Kalenda yake ilikuwa Majilio, Krismasi, Epifania. Na mahali pake wakati wa sikukuu palikuwa ni kwa kundi alilokabidhiwa, hasa kwa kuwa mchungaji aliyewekewa mikono alikuwa mmoja kwa eneo kubwa mno, na Krismasi katika vijiji vingi haikuwa na kiongozi mwingine zaidi ya huyo mwalimu.

Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Sitaitaja misheni iliyomtuma wala kijiji alichopelekwa, kwa kuwa habari zenyewe nimezipata kwa bibi, na bibi alikuwa na upande katika kesi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 babu alitolewa karibu na Mpwapwa akapelekwa magharibi ya Dodoma, ng'ambo ya Bahi. Reli ilikuwapo, maana ilifika Dodoma mwaka 1910. Lakini kutoka stesheni ya Gulwe hadi Bahi nauli ilikula sehemu kubwa ya posho yake, na kutoka Bahi kulibaki mwendo wa siku mbili kwa miguu. Huko alifundisha watoto kusoma chini ya mbuyu, alisalisha Jumapili, alizika, alisuluhisha ugomvi wa ng'ombe, na aliandika barua za watu wasiojua kuandika. Bibi alikwenda naye mwaka wa kwanza. Walipewa kipande cha shamba kwa hisani ya mwenye eneo, kama wapewavyo wageni, yaani kile ambacho wenyeji walikuwa wamekichoka.

Desemba ile mvua ilinyesha vizuri. Babu alikuwa akitayarisha watu wa ubatizo na kufundisha nyimbo. Bibi alikuwa na mimba ya miezi saba, na alipanda peke yake, kwa kuwa hapakuwa na wifi wala shemeji, wala mtu yeyote wa kumwitia kazi ya ujima. Ujima una masharti yake: unalima kwangu, nalima kwako, na tunajuana babu zetu. Mgeni anaweza kusaidiwa siku moja kwa huruma. Hawezi kudai. Alimaliza nusu ya shamba. Mwaka uliofuata alikataa kwenda, akabaki Mpwapwa na watoto, kwenye ardhi ya ukoo na kati ya watu aliowajua. Babu alikula Krismasi tisa ng'ambo ya Bahi, nane kati ya hizo akiwa peke yake.

Alipata likizo, ndiyo. Aliipata Januari, baada ya Epifania, shughuli za kanisa zilipotulia. Mtu yeyote aliyekulia Ugogo anajua Januari ni mwezi gani: ghala imefika chini, shamba bado ni majani, mlenda unapikwa kwa maji mengi. Mume aliyekosekana wakati wa kupanda alifika wakati wa kula. Majirani walimwita "mgeni wa Januari", na mama yangu, aliyekuwa mdogo, alidhani kwa muda mrefu kwamba hilo ndilo jina lake la kanisani.

Nimejiuliza kama nina haki ya kulifanya jambo la nyumbani kuwa ushahidi. Kwa maoni yangu ninayo, ilimradi nisilidai zaidi ya linavyoweza kubeba. Kisa cha familia moja hakithibitishi sera. Lakini kinatuonyesha mahali pa kutazama, kwa maana gharama ya mwalimu kuwa ugenini haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya misheni yoyote. Ililipwa kwa jembe la mwanamke, na katika shamba ambalo halikuwa la misheni.

Tulinganishe na watu wa wakati ule ule. Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, ambaye aliijaza kwa wamisionari kutoka Australia. Mmoja wao, Dkt. Paul White, alifanya kazi katika hospitali ya Mvumi kuanzia 1938 hadi 1941, akalazimika kurudi Sydney kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Kutokana na miaka hiyo michache aliandika vitabu vya daktari wa porini ambavyo vilifika mbali sana. Kuna watu wazima duniani leo ambao jina pekee la Kigogo wanalolijua ni la kijiji kilichomo humo. Daudi, msaidizi wa daktari katika hadithi hizo, ni mtu mwerevu, mcheshi, aliye tayari saa zote za usiku. Nimevisoma kadhaa kwa furaha, na bado nangoja ukurasa ambao Daudi anaomba ruhusa kwenda kupanda uwele.

Serikali ya kikoloni ilifanya hesabu hiyo hiyo bila hata haya ya dini. Ofisa wa Kizungu alitumikia kipindi cha miaka miwili au zaidi kidogo, kisha akapata likizo ndefu ya kwenda kwao, nauli ya meli ikilipwa. Karani wa Kiafrika alipata likizo ya hapa hapa. Karani wa Bukoba aliyefanya kazi Lindi hakuwa ameondoka "hapa", ingawa safari yake ya kwenda kwa mama yake ilihitaji meli ya mwambao, treni, kisha meli ya ziwa.

Nakubali kwamba kuna ushahidi unaoikataa picha yangu, na ni haki kuuweka mezani. Wapo wamisionari wa Kiafrika waliochagua ugenini kwa moyo wao wote, tena kwa ukali unaomshinda hata Mackay. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Mboga, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo, akafanya kazi miongoni mwa watu wa huko na wa msitu wa Ituri hadi alipofariki mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa Kongo kulikokuwa na kazi iliyobaki, badala ya mashariki upande wa kwao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweka katika fungu la waliowekwa tu. Alichagua, hata kaburini.

Wapo pia ambao swali la "kwao" lenyewe lilikuwa gumu. Yohana Omari alizaliwa katika familia ya Kiislamu, akawa Mkristo, mwalimu, kisha mchungaji. Tarehe 15 Mei 1955 aliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, pamoja na Festo Olang', Obadiah Kariuki na Daniel Deng Atong, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika, msaidizi katika dayosisi hii ya kati. Alifariki mwaka 1963. Kwa mtu aliyevuka kutoka dini moja kwenda nyingine, Krismasi haina nyumba ya wazazi ya kurudia. Nchi yetu ina watu wengi wa namna hiyo katika pande zote mbili, na tunajivunia, kwa haki, kwamba sahani za pilau huvuka ukuta Idd na Krismasi. Hata hivyo mtu aliyevuka hujua tofauti ya kuletewa sahani na kuitwa mezani.

Wala ugenini wa sikukuu katika uwanda huu haukuwa wa watu wa dini peke yao. Kongwa, ambako kanisa lilifundisha walimu wake, ndiko kuanzia mwaka 1964 walikopiga kambi wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO, SWAPO na wengineo. Nao hawakwenda kwao Desemba. Hilo ni somo jingine na linastahili makala yake.

Ninachotaka kukifuatilia hapa ni neno "wito". Lilitoka kanisani. Mwalimu wa kanisa aliitwa. Kwa kuwa aliitwa, hakuajiriwa kwa maana kamili. Kwa kuwa hakuajiriwa kwa maana kamili, alichopewa kiliitwa posho na siyo mshahara. Na kwa kuwa ilikuwa posho, haikuwa sahihi kuuliza kama inatosha. Shule zilipochukuliwa na serikali na walimu wakawa watumishi wa umma, neno hilo lilivuka pamoja nao. Hadi leo tunasema ualimu ni wito, uuguzi ni wito. Sijawahi kusikia ikisemwa kwamba uhasibu ni wito. Neno hilo hutokea mara nyingi katika hotuba zinazotangulia kusema kwamba fedha hazitoshi.

Kanuni zetu za sasa, kwa maandishi, zimeirekebisha dhuluma ile ya kikoloni. Mtumishi hana rangi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Nauli ya likizo hulipwa na mwajiri mara moja katika miaka miwili. Umbali huhesabiwa kwa kilometa hadi nyumbani kwa mtumishi, wala hakuna anayeuliza kuhusu bahari. Ni maendeleo ambayo babu angeyashangaa. Lakini kila anayefuatilia mambo ya walimu anajua kwamba madai ya malimbikizo, yakiwamo ya nauli za likizo na fedha za uhamisho, yamekuwa yakirudi mezani mwaka hadi mwaka chini ya mawaziri mbalimbali. Mwalimu anayedai nauli ya miaka minne iliyopita amerudishwa, kwa njia ya mzunguko, kwenye hali ya kuwekwa.

Katika kijiji kile cha Chamwino, baada ya ibada fupi, nilisalimiana na kijana aliyekuwa akipiga kinanda. Alinieleza kuwa anafundisha hisabati katika sekondari ya kata, kwao ni Kagera, na huo ulikuwa Desemba wake wa tatu mfululizo bila kwenda nyumbani. Nilimuuliza kama ni kwa kupenda. Alicheka, akasema nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na vitu ambavyo mtu hawezi kufika kwao bila kuvibeba, ni zaidi ya mshahara wa mwezi. Alikuwa amekodi ekari moja ya alizeti, na alitaka kuiwahi mvua kama wengine wote. Nilijikuta nikimuuliza swali ambalo halinihusu: je, ana mtu wa kumsaidia kupanda? Akanionyesha wanafunzi wake watano waliokuwa wakimngojea chini ya mti, majembe begani. Sikumuuliza zaidi, maana kuhusu jambo la wanafunzi kulima shamba la mwalimu siku ya sikukuu nina maoni mawili yanayopingana na sijaamua ni lipi langu.

Niliporudi mjini nilimpigia mama simu kumweleza niliyoyaona, nikamuuliza anakumbuka nini hasa kuhusu babu kurudi nyumbani. Alisema alikuwa akifika jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, na mfukoni alikuwa na chumvi ya mawe na kalenda mpya ya kanisa aliyopewa na mkubwa wake kama zawadi ya mwaka. Bibi alikuwa akiipokea kalenda, akiisoma siku za mwezi kwa kidole ingawa hakujua kusoma sana, akiitundika ukutani karibu na mlango wa tembe. Kisha alikuwa akienda nyuma ya nyumba na kurudi na jembe, akimpa, kwa kuwa palizi ilikuwa imeanza.